Je, Wajua? Ibn Battuta Akiingia Darasani

Je, wajua kwamba kijana aliyetoka kwao Tangier, Moroko, tarehe 14 Juni 1325 kwenda kuhiji alikuwa na miaka 21 na papo hapo anakaribia kutimiza 22? Si kitendawili. Abu Abdallah Muhammad Ibn Battuta alizaliwa tarehe 17 Rajabu mwaka 703 wa Hijria, akaaga nyumbani tarehe 2 Rajabu 725. Kwa hesabu ya mwezi zilibaki wiki mbili tu atimize 22, na mwenyewe alisema ana 22. Kwa kalenda ya jua alizaliwa mwishoni mwa Februari 1304, kwa hiyo siku ile alikuwa na miaka 21 na miezi mitatu na ushei.

Mpe mtoto wa darasa la sita tarehe hizo na kalamu. Mwaka wa mwezi una siku 354 hivi, wa jua una 365, kwa hiyo kila mwaka kuna pengo la siku 11. Zidisha kwa 21, unapata siku 231, yaani miezi saba na nusu. Jumlisha na ile mitatu na ushei, umefika kwenye miezi kumi na moja, mlemle alimosema yeye. Mtoto aliyezoea kuiona Ramadhani ikirudi nyuma mwaka hadi mwaka, mara inaangukia masika, mara kipupwe, atakuwa amejibiwa swali ambalo pengine hakuwahi kumuuliza mtu.

Katika vitabu vyetu vya Historia msafiri huyu hupewa mistari miwili. Alipita pwani ya Afrika Mashariki mwaka 1331. Alifika Mogadishu, Mombasa na Kilwa. Mwanafunzi anakariri, anajibu mtihani, anasahau. Nionavyo mimi, huko ni kumfukuza mwalimu wa bure. Hakuna mgeni wa zama zile aliyetuachia habari za pwani hii zenye achari, kina cha visima na uvundo wa soko kama yeye, na habari za namna hiyo hazitoshi kwenye kipindi kimoja. Tena hakuvumbua chochote huku kwetu. Alikaribishwa, akalishwa, akasimuliwa, akaenda zake. Mtoto wa Mombasa au Kilwa ana haki ya kumsoma huku akimkagua.

Je, wajua kwamba mwendo wake, ukipigiwa wastani, ni wa mtoto anayekwenda shule ya mbali? Wanaokadiria safari zake zote husema alikwenda kilomita 117,000 hivi kwa miaka 29. Dunia kwenye Ikweta ina mzunguko wa kilomita 40,075, kwa hiyo ni karibu mara tatu. Lakini gawanya 117,000 kwa 29, kisha kwa 365. Jibu ni kilomita 11 kwa siku. Darasa litacheka, maana kijijini wapo wanaotembea karibu na hizo kwenda na kurudi. Hapo ndipo mwalimu wa Hisabati anapopata nafasi yake: Ibn Battuta alikaa miaka kadhaa Delhi akiwa kadhi wa Sultani Muhammad bin Tughluq, akawa tena kadhi Visiwa vya Maldivi, na siku nyingine alikuwa jahazini akikata maji usiku na mchana. Wastani wetu umekokotolewa sawasawa, na bado hauoneshi hata siku moja ya maisha yake ilivyokuwa.

Kipindi cha Sayansi kianze na upepo. Msafiri huyu alishuka kutoka Aden kwa bahari, akafika Zeila kwa siku nne. Mji huo ulimshinda kwa harufu ya samaki na damu ya ngamia waliochinjwa vichochoroni, hata akaona heri alale chomboni ingawa bahari ilikuwa imechafuka. Kutoka hapo siku 15 hadi Mogadishu, kisha Mombasa, kisha Kilwa. Muulize mtoto: angeweza kuja hivyo mwezi wa Julai? Mvuvi yeyote atamjibu kabla ya mwalimu. Julai ni kusi, na kusi inavuma kutoka huku kwenda huko. Alikuja na kaskazi, inayovuma kuanzia Novemba au Desemba hadi Machi, na kusi ilipoanza akatoka Kilwa moja kwa moja hadi Dhofar, kusini mwa Oman ya leo.

Sababu ya pepo hizo kugeuka inaweza kuoneshwa kwa masinia mawili, moja la mchanga mkavu, moja la maji, yakawekwa juani kuanzia saa nne hadi saa sita. Watoto waguse. Mchanga unachoma, maji ni vuguvugu. Bara la Asia ndilo mchanga: wakati wa kiangazi cha kwao linapata moto kuliko bahari, hewa yake inapanda juu, na hewa ya baharini inakimbilia kujaza pengo. Hiyo ndiyo kusi. Wakati wa baridi yao bara linapoa upesi kuliko maji, mambo yanageuka, na tunapata kaskazi. Masinia yarudishwe kivulini na darasa lingoje kuona lipi linapoa kwanza. Anayekaa Salalah, huko Dhofar, anajua pia kwamba kusi hiyohiyo ndiyo inayowaletea ukungu na manyunyu ya msimu wa kharif, milima ikawa kijani kibichi katikati ya joto la Uarabuni. Ibn Battuta alipofika huko alishangaa kuona mifugo ikilishwa dagaa.

Tukirudi Mogadishu, kuna somo la Biashara pale. Chombo kilipotia nanga vijana walikuja kwa mashua ndogo, kila mmoja na sahani iliyofunikwa, akampa mfanyabiashara chakula na kumtangaza kuwa ni mgeni wake. Tangu hapo mgeni alilala kwa mwenyeji huyo, na mwenyeji ndiye aliyemuuzia bidhaa zake na kumnunulia alizotaka. Mtu akinunua kwa mgeni kwa bei ya kumpunja, au akamuuzia kitu mwenyeji wake hayupo, biashara hiyo ilihesabiwa kuwa batili. Wape watoto wa darasa la saba swali hili wabishane: utaratibu huo ulimlinda nani zaidi, mgeni au mwenyeji? Mimi nawaza ulimlinda mwenyeji. Wapo watakaonipinga, na hoja wanazo.

Je, wajua alichokula? Kwa kuwa alikuwa mwanachuoni wa sheria, hakuachiwa aende kwa wafanyabiashara. Alipelekwa kwa sultani, akapewa malazi na chakula cha heshima. Kilikuja sinia kubwa la mti lenye wali wa samli, na juu yake vitoweo vya kuku, nyama, samaki na mboga. Pembeni ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa. Pembeni tena maziwa ya mgando, na achari: malimau, mashada ya pilipili yaliyolowekwa siki na chumvi, tangawizi mbichi, na maembe. Alieleza embe kwa wasomaji wake wa Moroko kuwa ni mfano wa tofaa lenye kokwa. Akaongeza, bila aibu ya mgeni aliyeshiba, kwamba mtu mmoja wa Mogadishu anakula chakula cha kundi zima la watu wa kwao, na kwamba ni wanene mno.

Mwalimu asiishie kwenye kucheka. Awaambie watoto wachore sinia hilo, kisha waulizwe ni nini hakimo. Hakuna mahindi. Hakuna nyanya, viazi, muhogo, wala maharage ya siku hizi. Pilipili ile bila shaka ni manga, kwa sababu pilipili mbuzi na jamii yake yote inayotuchoma ulimi ilikuwa bado upande wa pili wa Atlantiki, na ilianza kuvuka baada ya safari ya Columbus ya mwaka 1492. Nanasi, papai, korosho na karanga nazo zilikuwa hukohuko Amerika. Mtoto anayedhani ugali wa mahindi ni chakula cha mababu tangu zamani za kale hukaa kimya kidogo hapo. Basi mababu walikula nini? Mtama, uwele, mchele, ndizi, nazi, samaki. Hapo Sayansi Kilimo na Historia zimeshikana mkono bila mtu kuzilazimisha.

Mombasa alilala usiku mmoja tu, lakini macho yake hayakulala. Alikuta ndizi, malimau, na tunda alilolifananisha na zeituni kwa umbo na kokwa, ila tamu sana, akaliita kwa jina la Kihindi, jamun. Ni zambarau. Mti huo asili yake ni Bara Hindi, na kule kuwepo kwake Mombasa mwaka 1331 ni ushahidi wa biashara unaoweza kuonekana kwenye ulimi wa mtoto yeyote aliyetoka kuparamia mzambarau.

Aliandika pia kwamba misikiti ilikuwa ya mbao, imejengwa kwa ufundi, na mlangoni pa kila msikiti pana kisima kimoja au viwili vyenye kina cha dhiraa moja au mbili. Watu walichota kwa chombo cha mti kilichotiwa kijiti chembamba cha urefu wa dhiraa moja. Kwa mtu wa pwani maelezo hayo yanatosha: ni kata. Walitembea pekupeku, wakaosha miguu kabla ya kuingia, wakaisugua kwenye mkeka mgumu uliowekwa mlangoni.

Dhiraa ni kutoka kiwikoni hadi ncha ya kidole cha kati. Darasa zima lipime kwa kamba, kila mtu mkono wake, na namba ziandikwe ubaoni. Mdogo atapata sentimita 33, mwalimu 47, na ubishi utaanza wa nani atumike kupimia kitambaa. Ubishi huo ndio uliowaletea wanadamu rula. Halafu lije swali la pili: kisima cha nusu mita au mita moja kinatoaje maji matamu kisiwani, bahari ikiwa jirani? Mvua hupenya kwenye mwamba wa matumbawe, na maji yake, kwa kuwa ni mepesi kuliko ya chumvi, hukaa juu ya yale ya bahari. Ukichimba kwa pupa unayapita matamu na kufikia ya chumvi.

Ila kuna jambo watoto wa Mombasa watalikataa. Anasema kisiwa hicho hakina bara lake, na kwamba kati yake na nchi ya Sawahili ni mwendo wa siku mbili kwa bahari. Mtu aliyevuka kwa feri ya Likoni, au kwa miguu daraja la Nyali, anajua bara liko pale, unaliona, unasikia hata honi za matatu. Je, alichanganya na kisiwa kingine? Alifika usiku? Alimaanisha nchi ya Sawahili ni sehemu ya kaskazini? Wanazuoni wamebishana. Mwalimu asitoe jibu upesi. Watoto wachukue ramani na wajaribu kumtetea.

Kilwa ndiko kesi inakonoga. Aliuita miongoni mwa miji mizuri kupita yote na iliyojengwa vizuri, kisha akasema majengo yake ni ya mbao na mapaa ya nyasi. Nenda Kilwa Kisiwani leo, eneo lililoingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 1981. Utakuta Msikiti Mkuu wa mawe ya matumbawe na chokaa, ambao sehemu yake ya kale ilikwishasimama zaidi ya miaka mia moja kabla yake. Utakuta Husuni Kubwa, jumba la vyumba zaidi ya mia lenye birika la kuogelea la pembe nane, na aliyelijenga ni sultani yuleyule aliyempokea, Hasan bin Sulaiman. Basi alikuwa haoni? Wakubwa wachache walikuwa na mawe. Watu wengi waliishi kwenye nyumba za miti, udongo na makuti, na labda hizo ndizo zilizomjaa machoni. Labda pia kumbukumbu zilimchanganya, na hilo nitalirudia.

Sultani Hasan alijulikana kwa jina la Abu al-Mawahib, baba wa vipaji, kwa ukarimu wake. Ibn Battuta anasimulia kwamba Ijumaa moja baada ya swala fakiri kutoka Yemen alimsimamisha njiani akamwomba nguo alizovaa. Sultani akaingia nyumba ya khatibu, akavua, akavaa nyingine, akamwita yule fakiri azichukue. Watu wakamsifu mno. Mrithi wake akazirudisha zile nguo kwa kumpa fakiri watumwa kumi badala yake, na sultani aliposikia namna watu walivyofurahi akaamuru aongezewe watumwa kumi wengine na mizigo miwili ya pembe za ndovu.

Vitabu vya watoto vikiigusa hadithi hii huishia kwenye nguo. Sioni sababu. Mtoto wa miaka kumi na miwili anaweza kuulizwa wale ishirini walitoka wapi, na jibu limo humohumo: sultani alikuwa akifanya uvamizi katika nchi za bara na kugawa mateka na ngawira. Sultani ana jina katika masimulizi hayo, Daud aliyemfuata ana jina, wale ishirini hawana. Ibn Battuta mwenyewe alimiliki watumwa maishani mwake na hakuona haja ya kujieleza. Kipindi cha Maadili kikipata dakika arobaini kwa swali moja tu, la mtu kusifiwa ukarimu kwa kutoa watu wengine, hazitapotea. Kuhusu Daud, anasema alipokalia kiti aliwajibu waombaji kwamba mtoaji amekwisha kufa na hakuacha cha kutoa.

Je, wajua kwamba sarafu za Kilwa zilikuwa na vina? Upande mmoja maneno ya kumtegemea Mungu, upande wa pili jina la sultani, na pande mbili zinaishia kwa sauti moja kama mshororo wa shairi uliokatwa katikati. Mwalimu wa Kiswahili akitaka kuwaeleza watoto kina ni nini, awape karatasi za mviringo waandike sarafu zao. Sarafu moja ya huyu Hasan bin Sulaiman ilifukuliwa Great Zimbabwe, kilomita 1,500 hivi kutoka Kilwa. Na mwaka 1944 askari wa Australia, Maurie Isenberg, aliokota sarafu tano za Kilwa kwenye mchanga wa Visiwa vya Wessel, kaskazini mwa nchi yake. Zilifikaje huko, kila darasa lina hadithi yake, na kwa kipindi cha insha hilo ni tunu.

Tukiwa kwenye kazi za mikono: alipokuwa Maldivi aliona kamba za usumba zikitengenezwa. Makumbi hulowekwa kwenye mashimo ufukweni, yakapondwa, kisha wanawake wakasokota. Kwa kamba hizo walishona mbao za vyombo bila msumari. Anaeleza kwamba chombo cha misumari kikigonga mwamba huvunjika, lakini kilichoshonwa hunyumbuka kidogo na kusalimika. Akina mama wa Paje na Jambiani, Unguja, wanajua kazi ya kufukia makumbi na kuyaponda vizuri kuliko kitabu chochote, na mitepe ya Lamu ilishonwa vivyo hivyo. Mwiteni mmoja wao darasani, alipwe kama mwalimu mgeni.

Kuna safari yake moja ambayo hesabu inaikataa waziwazi. Anasema kutoka kambi ya Bish Dagh, kaskazini mwa milima ya Kaukazi, alikwenda mji wa Bulghar kwenye mto Volga kwa siku kumi. Bish Dagh iko latitudo ya 44 kaskazini hivi, Bulghar kwenye 55. Kila nyuzi moja ya latitudo ni kilomita 111. Tofauti ni nyuzi 11, kwa hiyo kilomita 1,221 kwa mstari ulionyooka, sawa na 122 kila siku, siku kumi mfululizo. Wanahistoria wengi hawaamini kwamba alifika. Mtoto wa kidato cha kwanza naye anaweza kufikia hukumu hiyo kwa nusu ukurasa wa daftari, na furaha ya kumkamata mtu mzima maarufu ni kubwa.

Hata hivyo asionewe. Alipokuwa Mali mwaka 1353 aliona mtoni wanyama wakubwa, akadhani ni tembo, mpaka alipoambiwa ni viboko. Hakuificha aibu hiyo, aliiandikisha.

Nilisema nitarudia habari ya kumbukumbu. Kitabu chake hakukiandika kwa mkono wake. Sultani Abu Inan wa Fez aliamuru masimulizi yaandikwe, na mwandishi Ibn Juzayy akaandika kwa imla, akapamba, na kwa baadhi ya miji akaazima maelezo ya msafiri wa kale zaidi, Ibn Jubayr. Kazi ya kusimulia ilikwisha Desemba 1355, miaka 24 baada ya Kilwa. Baadhi ya maandishi yake alinyang'anywa na maharamia baharini. Kwa somo la imla sijui mfano mzuri kuliko huu. Mtoto mmoja asimulie safari yake ya kwenda kwa bibi likizo iliyopita, bila karatasi. Mwenzake aandike na aruhusiwe kupamba. Kisha bibi apigiwe simu.

Na kwa waliopo Dubai: pale kuna jengo la maduka lililofunguliwa mwaka 2005 kwa jina lake, lenye kumbi sita za mapambo ya nchi alizopita. Andalusia, Tunisia, Misri, Uajemi, India na China. Ukumbi wa pwani yetu haumo. Kazi ya Sanaa kwa wiki ijayo, darasa la tano: chora ukumbi wa saba, usisahau kata mlangoni, na mwandikie mwenye jengo barua rasmi yenye anwani mbili.